Akirudi, Mfungulie

Emali,
Jumatatu, 14 Julai 2025

Kwa Susu wangu Kathini,

Nakusalimu sana, nikitumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima na goti limepunguza maneno. Nisalimie Kavata na watoto wake. Mama akipita kutoka Matinyani mwambie niko salama. Mimi sijambo, ila jua la huku na la Kyuso ni ndugu.

Nilidhani watanituma Ghana, au angalau Uganda. Wale niliosoma nao darasani kule Afrika Kusini wametawanywa kila mahali, lakini mimi nikarudishwa Kenya, na kufika Nairobi nikaambiwa Emali. Ni safari ya siku moja tu hadi kwako, Susu, na sina ruhusa ya kuja mpaka miaka miwili ya umisionari iishe.

Nikueleze siku yangu ilivyo. Tunaamka saa kumi na mbili na nusu, na ndiyo, hata mimi. Tunaruka kamba uani, halafu kila mtu anasoma maandiko peke yake, halafu tunasoma wawili. Mwenzangu ni Mzee Wasswa, kijana wa Jinja, na wiki hizi za kwanza yeye ndiye anayenifundisha kazi. Anajifungia jikoni na kujifanya mlevi, au pasta mwenye hasira, au mama mwenye sufuria motoni, na mimi nabisha hodi mpaka niseme vizuri. Lazima tuwe tunaonana wakati wote isipokuwa bafuni. Mchana tunatembea mitaa na kubisha milango ya kweli. Saa nne na nusu usiku taa inazimwa. Jumatatu ni siku ya kufua na kuandika nyumbani, na shati jeupe na vumbi la Emali havipatani kabisa.

Kifuani navaa kibao cheusi kilichoandikwa Mzee Mutisya. Wamisionari wote wa kiume tunaitwa Mzee. Hata akina mama wa umri wako wananiita hivyo na ninaona haya.

Kuna jambo la kukuchekesha. Juzi tulibisha nyumba moja karibu na msikiti, akafungua msichana wa hijabu. Tuliomba radhi tukaondoka, kwa sababu Wasswa anasema Waislamu tusiwafundishe, ndio utaratibu. Kabla hatujafika barabarani nilimsikia mama yake akiita kutoka ndani, "Kathini, ni akina nani hao?" Nilicheka njia nzima nikikuwazia wewe na hijabu.

Kiilu wa lori amekubali kuwa posta yetu. Analeta ndengu za huko na kurudi na vitunguu vya Loitokitok, kwa hiyo ukiandika mpe yeye. Lakini simu ingekuwa rahisi zaidi. Tunaruhusiwa kupiga nyumbani kila wiki.

Mjukuu wako,
Kyule

*

Kyuso,
26 Julai 2025

Mume wangu Kyule,

Mume wangu nitakuita tu, hata kama umekuwa Mzee wa watu wengine kabla ya kuota ndevu. Jina la babu yako nilikupa mimi na sijalidai.

Nimepokea salamu zako, na hapa tuko hivyo hivyo. Kavata anakohoa. Ndengu za msimu huu zilikauka zikiwa na maua, tumevuna za kupanda tu. Mbuzi mwenye doa alizaa mapacha, mmoja akafa. Akina mama wa kanisani wanasema nimekuachia mno, eti mjukuu wa kiongozi wa akina mama hawezi kwenda kwa Wamormoni na nyanya yake akamfungia chapati za safari. Nimewaambia mtoto hafukuzwi kwa sababu ya kanisa. Hilo nilishalijua kitambo.

Habari ya simu usinirudie. Ukinipigia, huyo Wasswa amekaa kando anasikiliza. Siwezi kuongea na mume wangu mbele ya mtu wa Jinja.

Sasa nisikilize. Baba yako alipoondoka ulikuwa unatambaa. Alikuwa mtu wa malori, na mara ya mwisho mtu wa huku kumwona alikuwa hapo Emali, akipakia vitunguu. Hayo yote unayajua. Nimemlilia Mungu miaka yote hii anionyeshe mwanangu, na sasa amekutuma Emali ukiwa na jina lake kifuani, na wewe unaniandikia habari za shati. Umeuliza? Umemuuliza mtu yeyote kama anamjua Mutisya wa Kyuso?

Na huyo msichana sikumcheka. Sisi Wakamba msichana wa kwanza anapewa jina la mama ya baba yake, hata wewe unajua. Basi katika nyumba hiyo ya Waislamu kuna mwanamume ambaye mama yake ni Kathini. Rudi uulize ni nani. Nina sababu yangu ya kukuambia hivyo, na sitaiandika.

Leo ni Jumamosi, nimefagia nyumba ya baba yako. Mchwa walikuwa wameanza mlango, nimewamwagia majivu.

Ni mimi Susu wako,
Kathini

*

Emali,
Jumatatu, 11 Agosti 2025

Kwa Susu wangu,

Nakusalimu tena kwa upendo mwingi. Pole kwa ndengu, na pole kwa Kavata. Mwambie anywe maji moto na aache kulala karibu na jiko la kuni.

Huku mafunzo yanaendelea. Sasa Wasswa ananiacha nianze kuzungumza mimi mlangoni, na mara ya kwanza nilisahau jina langu. Tumepata mzee mmoja nyuma ya stesheni anayetukaribisha kila Alhamisi. Anasikiliza vizuri sana, halafu anauliza kama tuna viatu vya kugawa. Wasswa amenifundisha kupika matoke, nami nikampikia muthokoi akala sahani mbili na kulala kwenye masomo. Wiki iliyopita tumbo lilinisumbua lakini limepona. Tulipita pia Nairobi, tukaingia hekaluni. Habari ya hekalu nitakuandikia siku nyingine.

Kuhusu yule msichana, Susu, akina Kathini Ukambani ni wengi. Hata anayetuuzia sukuma wiki anaitwa hivyo. Kurudi pale kusumbua Waislamu ni kuvunja utaratibu, na mimi bado niko mafunzoni, ninaangaliwa. Mtaa ule tulishaumaliza.

Kavata na watoto wasalimie. Usipande kilima na goti hilo.

Mjukuu wako,
Kyule

*

Kyuso,
23 Agosti 2025

Mume wangu Kyule,

Hatujambo. Kavata amepata nafuu. Kiilu ananiambia umekonda na shingo imebaki kama ya kuku wa kienyeji, kwa hiyo nakutumia unga wa wimbi na asali. Asali usimpe huyo mzee wa viatu.

Barua yako nimeisoma mara nyingi nikitafuta. Umeandika tumbo, umeandika matoke, umeandika sukuma wiki. Jina la baba yako hakuna. Ninakuuliza jambo moja na unanijibu mengine kumi. Babu yako alikuwa na tabia hiyo, na kila alipokuwa nayo kulikuwa na kitu amekificha.

Hekaluni mlifanya nini?

Na uende kwenye ule mlango. Sikwambii uvunje sheria za watu. Uliza tu jina la mtoto lilitoka wapi, useme asante, uondoke. Mtu wa miaka yangu akikuomba mara mbili, Kyule, ujue kuomba kumemchosha.

Susu wako,
Kathini

*

Emali,
Jumatatu, 22 Septemba 2025

Kwa Susu wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Unga na asali vilifika, nashukuru. Mko wazima huko? Huku mawingu yanapita tu yakielekea Chyulu.

Nimechelewa kuandika na si kosa la Kiilu. Alipita mara kadhaa na kila mara nilimwambia bado.

Uliniuliza tulifanya nini hekaluni. Kanisa letu linaamini kwamba mtu aliyekufa anaweza kubatizwa kwa niaba. Ndugu yake aliye hai anasimama majini badala yake, jina la marehemu linatajwa, naye anazamishwa. Tunaamini baadaye familia inaweza kuunganishwa, na hata kifo hakiwezi kuitenganisha. Mimi nilipeleka jina la baba. Niliulizwa kama familia imekubali. Nikasema ndiyo.

Nisamehe kwa hilo la kusema ndiyo. Lakini lingine sijui nikuombee msamaha vipi, kwa sababu nilifurahi. Nilisimama majini na nguo nyeupe, mtu akasema Mutisya Kyule kwa sauti, na mimi ndiye niliyeitikia kwa mwili wangu. Shuleni waliponiuliza baba yako yuko wapi nilikuwa nasema yuko safarini. Nilisema hivyo mpaka kidato cha nne. Siku ile nilijua alipo. Nilipotoka majini nililia, na Wasswa akanishika bega akidhani nina baridi.

Ndiyo maana siulizi mitaani. Ninayemtafuta nimeshampata. Nilimhesabu marehemu kama wanavyomhesabu wote hapo nyumbani isipokuwa wewe. Susu, miaka ni mingi. Mtu aliye hai angeandika hata mara moja. Nakusihi na wewe umpumzishe, uache kufagia ile nyumba.

Mjukuu wako anayekupenda,
Kyule

*

Kyuso,
18 Oktoba 2025

Mume wangu,

Kavata amepona kabisa. Wingu moja limekaa upande wa Mumoni, tunalitazama.

Barua yako niliisomea jikoni, nikatoka nayo nje kwenye mwanga nikidhani ni moshi umenidanganya. Halafu nikakaa siku nyingi bila kushika kalamu, kwa sababu nilichotaka kuandika hakifai kumwandikia mtoto.

Ni nani alikuambia mwanangu amekufa? Ulimwona? Ulimbeba? Ulimrushia udongo? Unasema familia ilikubali. Familia ni mimi. Mutisya alibatizwa na mchungaji wetu pale mtoni, na mimi ndiye niliyesimama kando nimeshika nguo zake kavu. Hakuhitaji kubatizwa tena, na zaidi hakuhitaji kuuawa na mtoto wake.

Ulitaka baba. Hilo ninalielewa na linaniuma, maana nilikulea nikiona unavyotazama lango. Lakini ulichukua baba aliyekufa kwa sababu aliyekufa hawezi kukukataa. Aliye hai ulimwogopa. Hata hujaenda kumtafuta umeshamzika.

Kanisa lako sijalikasirikia. Nimekukasirikia wewe.

Nenda kwenye ule mlango. Uliza jina la Kathini ni la nani. Ukiambiwa ni la Kathini mwingine, nitanyamaza, na ufagio nitauweka. Hayo ninakuahidi, na ninaomba kwa mara ya tatu.

Kathini

*

Emali,
Jumatatu, 8 Desemba 2025

Susu,

Kaa chini kabla hujaendelea. Mwite Kavata akae na wewe.

Barua yako ya Oktoba ilinifikia mwisho wa Novemba. Giaboksi ya lori iliharibika, likakaa gereji Mwingi na barua ikiwa ndani. Kiilu alinipa huku akitazama chini, nadhani alikuona ulipomkabidhi.

Nilimweleza Wasswa yote. Hakuniambia habari ya utaratibu. Alinisindikiza na kusimama langoni, akasema ataniona kutoka pale. Aliyefungua ni mama mwenyewe, anaitwa Mwanamkasi. Akatazama kibao, akatazama uso wangu, akashika fremu ya mlango. Akasema, "Umekuja. Umechelewa, lakini umekuja."

Ni yeye, Susu. Hapa alijulikana kwa jina la Khalid, na ni mke wake peke yake aliyemwita Mutisya. Ugonjwa wa sukari ulimkata mguu mwaka juzi, na miezi ya mwisho hakutoka kitandani. Kitanda kilikuwa nyuma ya pazia la mlango ule ule tuliobisha. Alifariki mwishoni mwa Oktoba, wakamzika siku hiyo hiyo kama wanavyofanya. Mwanamkasi alinipeleka. Ni tuta la udongo mwekundu bila msalaba, na nilisimama pale bila kujua niombe kwa namna gani.

Msichana ni wake. Shuleni anaitwa Salama, lakini baba yake tangu azaliwe hakumwita kingine ila Kathini. Ana mwanya wako wa meno ya mbele. Hakutaka kuongea na mimi. Aliingia ndani akafunga.

Kuna jingine ambalo nimeandika na kulifuta. Siku ile ya Julai yule mtoto alienda nyuma ya pazia akamwambia baba yake ni vijana wawili wa kanisa, na mmoja ameandikwa Mutisya. Mwanamkasi anasema baba aliuliza huyo kijana anafananaje. Akataka kuinuka, akashindwa, akasema, "Waache. Atanionaje hivi?" Halafu baada ya muda akamwambia mtoto, "Akirudi, mfungulie." Tangu hapo kila jioni alikuwa akiuliza kama wale vijana wamepita. Tulipita, Susu. Tulipita karibu kila siku, ng'ambo ya barabara, kwa sababu mlango ule tulishaumaliza.

Nilimuuliza Mwanamkasi kwa nini miaka yote hiyo hakuja nyumbani wala kuandika. Alisema baba aliambiwa huko kwao kwamba akifuata dini ya mwanamke huyo asikanyage tena hapo bomani. Sikuuliza ni nani aliyemwambia.

Usimlaumu Kiilu na lori lake. Barua yako ya Julai ilifika mapema, na ya Agosti pia. Zote mbili zilinikuta yeye akiwa hai.

Rais wetu wa misheni amesikia na amenipa ruhusa ya kuja kukaa na wewe siku chache. Sitaki kulala hapa tena kabla ya kukuona. Niambie nije lini.

Kyule

*

Kyuso,
3 Januari 2026

Kyule,

Nilipokea barua yako kabla ya Krismasi. Mvua ilinyesha vizuri. Ndengu zimebeba, Kavata anasema hajaona mwaka kama huu, na mimi sina hamu ya kwenda shambani kuzitazama. Goti ni lile lile.

Ulichoandika kuhusu maneno aliyoambiwa hapa bomani, nimekisoma.

Mchungaji alikuja na akina mama, wakitaka tufanye maombi ya marehemu wangu. Nikawauliza, tutamwombea Mutisya au tutamwombea Khalid? Wakatazamana. Nikawapikia chai wakanywa wakaenda. Jumamosi nilichukua ufagio kama kawaida, nikafika mlangoni kwake, nikarudi nao.

Umeniambia mara mbili kwamba mwanangu amekufa. Mara ya kwanza alikuwa hapo, amelala na masikio yake, anasubiri hodi yako. Hilo ndilo silali nalo. Kufa, kila mtu anakufa. Lakini alikuwa anauliza jioni kama umepita, na mimi huku nilikuwa nauliza kama umeuliza, na wewe ulikuwa katikati yetu unafua shati.

Nimeandika kwa ukali na sitafuta. Najua pia kwamba asingekuwa nyuma ya pazia la watu iwapo mtu mwingine hangemfungia lango la hapa kwanza. Nimeligusa hilo mara moja, na usinilazimishe kuliandika tena.

Sasa fanya hivi. Yeye alisema ukirudi ufunguliwe. Basi rudi. Nenda kwa huyo mtoto kila wiki, na akifunga uende tena wiki nyingine, mpaka aizoee sauti yako. Usimhubirie. Jina lake usilipeleke popote. Mwambie tu kwamba mwenye jina lake yuko hai Kyuso, na kwamba nyumba ya baba yake bado ina mlango. Akitaka kuja, Kiilu atamleta yeye na mama yake, na aje na hijabu yake. Nitampokea nayo. Nakutumia ndengu mpya kwenye gunia dogo, nusu ni zao.

Na kuhusu wewe kuja. Rais wako amekupa ruhusa, nimesikia, mshukuru. Mimi bado sijakupa. Nikikutazama sasa nitamwona yeye, nijione na mimi mwenyewe, na macho haya hayawezi vyote viwili kwa wakati mmoja. Kula vizuri. Kaa huko. Nikiwa tayari nitamwambia Kiilu.

Susu wako,
Kathini